Ile Moja ya Msibani

Msikilizaji wangu, mimi nimeacha sigara mara nne. Zile tatu za mwanzo niliacha vizuri kabisa, na hapo ndipo penye kisa changu cha leo.

Mtazame mvutaji anayefunga Ramadhani. Alfajiri hadi magharibi, saa 13 na ushee, hagusi fegi wala dunia haimwangukii. Adhana ikilia, tende moja, maji kidogo, huyoo barazani na kiberiti chake. Nikotini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, na siku tatu zikipita karibu yote imetoka. Lakini yeye hazifikii hizo tatu. Mwezi mzima anairudia siku ya kwanza, mara thelathini!

Siku hizo tatu ndizo za arosto kali. Usingizi hakuna, kichwa kizito, mtoto akidondosha kijiko unamfokea kana kwamba kabomoa nyumba. Waambie wa nyumbani mapema wakuvumilie. Hamu ikipanda hukaa dakika chache tu, kisha hushuka, hata usipoipa kitu. Mimi nilitafuna karafuu. Zipo pia bigijii zenye nikotini na plasta za kubandika ngozini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Ulizia duka la dawa, ingawa jiandae kuzunguka.

Basi mara ya tatu nilikuwa nimemaliza miezi saba. Ukatokea msiba, Tandika. Saa nane za usiku, tumekaa chini ya turubai, kahawa inapita, wenzangu wanacheza karata. Jirani akaninyooshea mkono: "Kaka, moja tu, ya kufukuza usingizi." Nikavuta. Wala haikuwa tamu, ilinizungusha kichwa. Asubuhi nikajiambia, si nimeshaharibu? Nikanunua mbili dukani kwa Mangi. Ijumaa nilikuwa sihesabu tena.

Tena takwimu nilikuwa nazijua. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Mwaka mmoja ukipita, hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya mvutaji. Lakini saa nane za usiku takwimu zimelala. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na ubongo hauikariri peke yake, hukariri na vilivyokuwa jirani: kahawa, karata, kicheko cha fulani. Nikotini ilinitoka zamani. Turubai halikunitoka.

Na huku kwetu sigara inauzwa moja moja, na kiberiti cha kuwashia kimefungwa kamba pale dirishani. Anayenunua hivyo haioni pakiti, kwa hiyo hata lile onyo lililochapishwa juu yake halimfikii. Wala hajui anavuta ngapi. Ukimuuliza, atakwambia kwa moyo mkunjufu kabisa kwamba yeye si mvutaji, anaonja tu.

Safari ya nne sikujipa "nitapunguza". Nilishawahi kupunguza, nikajikuta navuta chache kwa pumzi ndefu zaidi. Niliacha siku moja, zote, kisha nikageukia mahali na watu. Mwezi mzima sikukanyaga kijiweni. Chai nikainywa nyumbani. Niliporudi niliwaambia washikaji mbele ya wote: mkiniona naomba, ninyimeni, hata nikitukana. Nikatukana kweli, wakaninyima. Mmoja alinishauri nihamie shisha. Nilimshukuru, lakini moshi ni moshi, hata upite kwenye maji na kunukia tofaa.

Mwezi uliopita tulikuwa na msiba mwingine, mtaa uleule. Saa nane ilipofika karata zikatolewa, kiberiti kikaanza kupita mkono kwa mkono, na mimi mate yakanijaa mdomoni, miaka yote hii! Niliinuka, nikaenda uani walikokuwa akina mama, nikaomba kisu. Nilimenya vitunguu mpaka alfajiri, nalia kuliko wafiwa.