VYOMBO VIKIHARIBIKA SAFARINI, TUPATANE VIPI?

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia

Leo naomba tuzungumze juu ya jambo linalowapata wengi wetu. Mtu amefanya kazi Nairobi ama Mombasa miaka thelathini. Anastaafu, anatafuta kampuni ya kuhamisha vyombo, wanakubaliana bei, lori linapakiwa. Akifika nyumbani anakuta kioo cha kabati kimepasuka na gunia la sufuria halipo. Ama dereva anasema, "Barabara ilikuwa mbaya, ongeza elfu kumi, la sivyo sishushi mzigo." Hapo makelele huanza. Vijana wanazingira lori, matusi yanatoka, pengine na ngumi. Mkipigana kioo hakirudi, na wewe uliyekuwa na haki unageuka mshtakiwa.

Njia iliyo bora ni upatanishi. Sasa tuelewane hapa: mpatanishi si hakimu. Hatoi hukumu. Kazi yake ni kusikiliza pande zote mbili, kuuliza maswali, na kuwasaidia ninyi wenyewe mfikie maafikiano. Kwa hiyo asiwe shemeji yako, wala rafiki wa mwenye lori. Awe mtu mnayemwamini nyote wawili. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 159, inataka mahakama zihimize njia hii.

Kabla ya kuketi, jitayarishe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Uwe na vitu hivi:

1. Orodha ya vyombo, iliyoandikwa kabla lori halijaondoka na kutiwa sahihi na pande zote mbili.
2. Risiti, ama ujumbe wa simu unaoonyesha pesa ulizolipa. Ukilazimika kulipa nyongeza ili vyombo vishuke, andika kwenye risiti kwamba hukuikubali.
3. Picha za vitu vilivyoharibika, zilizopigwa siku ile ile.
4. Bei ya kutengeneza kutoka kwa fundi. Kabati la miaka kumi na tano usilidai kama jipya.

Kama hukuandika orodha, usikate tamaa. Jirani aliyesaidia kupakia ni shahidi.

Mkiketi, kila mtu aseme yake bila kukatizwa. Tuseme unadai shilingi 12,000 kwa kioo na sufuria. Kampuni inasema kioo ulikifunga wewe mwenyewe, tena bado unadaiwa salio la nauli, shilingi 6,000. Mnaweza kukubaliana kampuni igharamie 9,000, salio lile likatwe humo, nayo ikulipe 3,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Hukupata yote, lakini umepata kitu, na hukupoteza siku kwenda na kurudi mahakamani.

Lakini tafadhali, kupatana sio kunyamazishwa. Mjane asiachwe peke yake mbele ya wanaume watano wa kampuni. Aende na mtu wa kikundi. Hakuna anayelazimishwa kutia sahihi. Ukiona unaonewa, sema hapana, na mazungumzo yaishie hapo. Na kama kuna wizi ama vitisho, hayo ni mambo ya polisi.

Mkikubaliana, andikeni: nani atalipa, kiasi gani, lini na kwa njia gani. Mtie sahihi mbele ya mashahidi, kila upande ubaki na nakala. Maneno ya mdomo husahauliwa lori likishaondoka.

Na msipopatana? Haki yako ya kushtaki bado iko. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yake inataka kesi iamuliwe katika siku 60. Unaweza kujisemea bila wakili. Hata huko, pande zote zikikubali, upatanishi unaweza kutumika. Zile karatasi ulizotayarisha zitakusaidia pia.

Basi nawaachia kazi moja. Katika mkutano ujao, kila kikundi kichague watu wawili wa kumsindikiza mwanachama mwenye shida kama hii. Na ukisikia mwenzako anahama, muulize mapema: orodha umeandika?