MAZUNGUMZO YA KILIMO: FIWI, ZAO LA KUTAMBAA KWA ARDHI YA KICHANGA



Wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, penye udongo wa kichanga unaopitisha maji upesi. Masasi iko chini, upande wa magharibi. Mvua ikikatika katikati ya msimu mahindi hunyauka, na nyumba nyingi hupungukiwa na chakula. Kwa hiyo yafaa kuitazama fiwi.

Fiwi ni jamii ya kunde. Ile ya mwitu huota yenyewe katika Afrika Mashariki, hutambaa juu ya vichaka, na huweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja. Mizizi yake huenda chini sana. Ikisha kushika hustahimili ukame. Vifundo vya mizizini hukusanya naitrojeni kutoka hewani, nayo hurutubisha ardhi. Mbegu za Rongai, nchini Kenya, ndizo zilizozaa aina ya malisho iliyotolewa kwa wakulima wa Australia mwaka 1962.

Kupanda: Mbegu zifukiwe sentimita 3 hadi 5 katika udongo wenye unyevu, mistari iachane kiasi cha mita 1. Palizi ifanywe mapema, kwani mche hukua polepole mwanzoni. Mahali panapotuama maji pasipandwe. Mmea usiachwe kuparamia mikorosho, na majani yaliyoangukiwa na salfa ya mikorosho yasichumwe kwa mboga. Atakaye mmea uishi mwaka wa pili avune maganda kwa mkono, aache shina na matawi ya chini, na azuie mifugo.

Kula: Hapa pana hatari. Mbegu kavu zina sumu, hasa zile za rangi nyeusi. Ziloweshwe usiku kucha, maji yamwagwe. Zichemshwe, maji hayo nayo yamwagwe, kisha zipikwe kwa maji mapya hadi ziive kabisa. Mbegu za fiwi mwitu zisiliwe.

Kuhifadhi: Mbegu zianikwe hadi zikauke barabara, zitiwe katika chombo kinachofungika vizuri, kwani wadudu wa ghalani huzipenda.

Wakulima wa Unguja na Pemba wenye ardhi isiyotuamisha maji wanashauriwa kuanza na kipande kidogo, na kumwona Bwana Shamba wa eneo lao kabla ya kupanda.