Mapambo ya Mashua za Mfereji

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mashua za Uingereza zipitazo katika mifereji. Mifereji hiyo ilichimbwa ili makaa ya mawe na mizigo mingine ipate njia. Mashua zake ni nyembamba: upana wake mita 2 na kidogo, na urefu hufika mita 21. Zamani zilivutwa na farasi aliyetembea ukingoni.

Katika karne ya 19 reli zilianza kuichukua kazi ile. Mapato yakapungua. Waendesha mashua wengi wakaacha nyumba zao, wakahamia mashuani pamoja na wake na watoto. Chumba chao kilikuwa nyuma, urefu wake kiasi cha mita 3 tu. Humo walipika, walilala na kulea watoto. Lakini chumba kile kilipambwa! Milango ilichorwa maua ya waridi na ngome. Ndoo ya maji vivyo hivyo. Dohani ilivikwa pete za shaba, zikasuguliwa mpaka ziking'aa.

Ubavuni paliandikwa jina la mwenye mali kwa herufi kubwa za rangi. Lakini, ndugu zangu, wengi waliokaa ndani hawakuweza kuzisoma. Mashua haikutulia mahali pamoja, na watoto hawakupata shule.

Siku hizi mizigo hupita kwingine. Mashua mpya hutengenezwa kwa mfano wa zile za kale, watu wapate kutembea au kukaa humo. Mashua za kale za chuma ziliunganishwa kwa ribiti, yaani misumari minene iliyogongwa pande zote mbili. Hizi mpya zimelehemiwa, hazihitaji ribiti. Hata hivyo mafundi wengine hubandika vichwa vya ribiti visivyoshika kitu. Je, huo ni uongo?

Mimi naona si uongo, mradi mwenye mashua ajue maana yake na kuwaeleza wanawe. Watu wale hawakuacha vitabu vingi. Waridi zile hutuambia kwamba maskini naye alipenda nyumba yake ipendeze. Asiyejua hayo amenunua rangi tu.

Nanyi sasa mwajua kuandika. Basi kazi ya juma hili ni hii: mwulize mzee maana ya pambo moja la nyumbani kwenu, kisha iandike katika daftari lako. Kwa herini.