Mafao ya Mzee si Sadaka

(Mawaidha yaliyotolewa Magole, Kilosa)

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Imam Abu Yusuf amesimulia katika Kitabul Kharaj kwamba Umar bin Khattab (r.a.) alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiombaomba. Alimchukua nyumbani kwake akampa kitu, kisha akamwagiza mtunza hazina wa Baitul Mali amwangalie yeye na walio mfano wake. Kwani si uadilifu kumtoza mtu ujanani na kumtupa uzeeni. Hoja ya Umar ilikuwa haki, si huruma peke yake.

Sisi wa Kilosa, wilaya ya reli na mkonge, jambo hili latugusa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mafao ya watumishi wake yakabaki deni. Mwaka 1984 Kenya, Uganda na Tanzania zilitiliana saini mkataba wa kugawana mali na madeni. Hata hivyo wazee wa Tanzania walilazimika kwenda Mahakama Kuu mwaka 2003, na makubaliano na Serikali yakapatikana 2005. Miaka 28! Wangapi walikwishazikwa? Na Mtume (s.a.w.) ameihesabu kuwa dhulma tabia ya mwenye uwezo kuchelewesha deni.

Leo ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi 2015. Aliyepata ulemavu kazini ana fidia, na anayechangia ni mwajiri peke yake. Lakini taarifa ya ajali ina muda wake, miezi 12. Akinyimwa, anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya, kisha akakata rufaa. Mzee asiyeona vizuri atazijuaje tarehe hizi?

Aya ya 282 ya Suratul Baqara imeamrisha deni liandikwe, na mdaiwa akiwa dhaifu, walii wake amsemee kwa uadilifu. Ikiwa mdaiwa dhaifu amewekewa msemaji, je, mdai dhaifu?

Basi wenye kusoma miongoni mwetu wakae na wazee na walemavu baada ya Alasiri, wazitazame barua za ajira, hati za mishahara na vyeti vya daktari, watoe nakala. Wala asijikatie mtu fungu katika mafao hayo. Zilizochanika ziletwe vilevile; tutaanza nazo.

Wabillahi tawfiq.