Hotuba ya Katibu wa Kwaya: Mvua ya Naeba



Kamati ya jubilii imetuomba sisi wawili, katibu na mpiga kinanda wenu, tueleze safari yetu ya Japani Julai iliyopita. Mnamkumbuka mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyefundisha sayansi katika shule jirani na kuimba alto pamoja nasi. Ndiye aliyetualika na kutulipia tiketi. Baadhi yenu mliuliza, na mlikuwa na haki, watu wa kwaya wanatafuta nini kwenye tamasha la muziki wa roki. Leo tunajibu.

Tamasha hilo huitwa Fuji Rock. Hufanyika mwishoni mwa Julai, Ijumaa hadi Jumapili, huko Naeba, katika milima ya Yuzawa, mkoa wa Niigata. Tulitoka Tokyo kwa treni ya mwendo kasi, kisha basi likatupandisha mlimani. Msimu wa baridi watu huteleza kwenye theluji mahali hapo. Msimu wa joto mteremko huohuo hujaa mahema ya kulala.

Alhamisi jioni, kabla ya siku kuu, tulikuta watu wamefanya duara wakicheza ngoma ya kienyeji kwa wimbo wa Naeba yenyewe. Wazee walikuwamo, na watoto pia. Hatukuelewa hata neno moja, lakini baada ya mizunguko mitatu miguu yetu ilikuwa imeshika.

Kisha mvua ikaja. Tulifungua miavuli, tukaambiwa kwa upole kwamba hairuhusiwi mbele ya majukwaa, kwa sababu humziba aliye nyuma. Tukanunua makoti ya mvua. Tulipogeuka kutafuta pa kukimbilia, tuliona tuko peke yetu. Maelfu kwa maelfu walikuwa wamesimama palepale, matope hadi vifundoni, wakiimba. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Baadaye tulipita msituni kwenye njia ya mbao inayotunzwa na watu wa kujitolea, na chini hatukuona hata kifuniko cha soda. Langoni tulikuwa tumepewa mifuko ya takataka, iliyotengenezwa kwa chupa za plastiki zilizokusanywa katika tamasha lililotangulia.

Mwenyeji wetu alitusimulia kwamba haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tamasha la kwanza, mwaka 1997, lilifanyika karibu na mlima Fuji wenyewe. Kimbunga kikalipiga. Wengi walikuwa wamekuja bila nguo za mvua, wakatetemeka kwa baridi, na siku ya pili ikafutwa. Waandaaji wangeweza kuacha. Mwaka 1998 walilipeleka Tokyo, na mwaka 1999 wakapanda Naeba, ambako lipo hadi leo. Mlima Fuji uko mbali na hapo, lakini jina halikubadilishwa.

Aliposema hayo, sisi wawili tulitazamana tukanyamaza. Tulikuwa tunawaza jambo moja.

Mnaikumbuka tamasha yetu ya uwanja wa shule, miaka miwili iliyopita. Mvua ilianza tukiwa kwenye wimbo wa tatu. Sisi wanakwaya tulibeba spika na kinanda, tukakimbilia darasani, tukafunga mlango. Kupitia dirishani tuliwaona akina nyanya wamebaki kwenye viti vya plastiki, leso kichwani, wakingoja turudi. Hatukurudi. Deni la spika tulimaliza kulipa, lakini tangu siku hiyo hatujaimba nje tena. Mkituuliza, tumekuwa tukisema ni pesa. Wapendwa, si pesa. Ni aibu. Tuliokoa vyombo, tukawaacha watu.

Kwa hiyo katika jubilii hii ya miaka 25, kabla hatujakata keki, kwaya nzima inawaomba msamaha, na hasa nyinyi akina nyanya mlioketi kwenye mvua ile.

Alhamisi iliyopita, baada ya mazoezi, tulikubaliana sote, soprano hadi besi: tutarudi uwanja uleule mwaka huu. Safari hii turubai la washirika litafungwa kwanza, spika baadaye. Kila familia itapewa mfuko wa takataka, na uwanja tutaurudishia shule ukiwa safi kuliko tulivyoukuta. Anayeweza kuchangia turubai amwone mweka hazina baada ya ibada.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mvua ikinyesha, tutaimba. Radi ikipiga, tutaingia darasani sote, akina nyanya wakitangulia na kinanda kikija mwisho.

Mungu awabariki.