"Fyle": Neno la Kiskoti la Kunajisi Patakatifu na Ugomvi wa Nani Mnajisi



Mada yangu inafuata kitenzi kimoja cha Kiskoti, fyle, chenye maana ya kuchafua na kunajisi. Kiskoti ni lugha ya nyanda za chini za Uskoti, iliyotoka tumbo moja na Kiingereza lakini ikawa na bunge lake, mahakama zake na washairi wake. Asili ya neno ni Kiingereza cha Kale, katika ukoo wa maneno ya uchafu na uvundo. Lilitumika kwa nguo iliyoingia tope, likatumika vilevile kwa nyumba ya Mungu iliyotendewa uovu.

Uzito wake unaonekana zaidi mahakamani. Katika kumbukumbu za karne ya 16, wazee wa baraza, ambao kwa kawaida walikuwa 15, walipomwona mshtakiwa ana hatia waliandikwa kuwa "wamem-fyle". Walipomwachilia, alikuwa clengit, yaani ametakaswa. Kesi za uchawi za Aberdeen za mwaka 1597 zimeandikwa kwa lugha hiyo. Hatia ilikuwa doa, na hukumu ilikuwa kulitangaza doa hilo au kulifuta. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wa zama hizo hawakutenga uchafu wa nguo, wa roho na wa madhabahu kama tunavyoutenga sisi leo.

Kanisa la Roma nalo lilikuwa na sheria kamili juu ya unajisi wa mahali. Damu ilipomwagwa kwa uovu ndani ya kanisa, ibada ilisimama mpaka askofu alipokuja kulitakasa kwa maji yaliyochanganywa na divai, chumvi na majivu. Tukio kubwa la aina hii katika historia ya Uskoti ni la tarehe 10 Februari 1306, pale Robert Bruce alipomchoma kisu John Comyn, mshindani wake wa kiti cha ufalme, katika kanisa la watawa Wafransisko mjini Dumfries. Wiki sita baadaye Bruce alitawazwa mfalme huko Scone, baada ya Robert Wishart, askofu wa Glasgow, kumwondolea dhambi. Papa Clement V alimtenga na Kanisa. John Barbour, aliyeandika utenzi mrefu wa kumsifu Bruce katika miaka ya 1370, hakuweza kulipita jambo hilo kimya: anamlaumu shujaa wake kwa kutoheshimu hifadhi ya madhabahu. Namheshimu sana Barbour kwa hilo. Mshairi aliyekuwa akiandika chini ya mjukuu wa Bruce angeweza kulifunika.

Hadi hapo kila mtu alikubaliana patakatifu ni wapi. Bruce mwenyewe hakudai kwamba madhabahu ya Dumfries ni jiwe tu. Mwaka 1559 makubaliano hayo yalivunjika.

Tarehe 11 Mei mwaka huo John Knox, mhubiri wa Mageuzi ya Kiprotestanti, alihubiri mjini Perth, katika kanisa la Mtakatifu Yohane, dhidi ya ibada ya sanamu. Baada ya mahubiri padri mmoja alijiandaa kuadhimisha misa. Kijana akapaza sauti, padri akampiga, kijana akarusha jiwe likagonga tabenakulo. Umati ukavunja sanamu zote za kanisa, kisha ukaziendea nyumba za watawa, pamoja na ile ya Wakarthusi alikozikwa mfalme James I aliyeianzisha. Katika siku chache zilibaki kuta tu. Juni, huko St Andrews, Knox alihubiri juu ya Yesu kuwafukuza wafanyabiashara hekaluni, na kanisa kuu la nchi likavuliwa mapambo yake yote.

Tazameni maandiko aliyochagua. Kwa Mkatoliki, aliyevunja madhabahu ndiye mnajisi. Knox aliigeuza hoja juu chini: sanamu ndizo zilizoinajisi nyumba ya Mungu kwa karne nyingi, na anayezivunja anaitakasa. Tendo ni lile lile, nyundo ni ile ile, na pande zote mbili zinatumia msamiati mmoja wa uchafu na usafi. Hata Knox hakuwa na simulizi moja. Katika barua ya mwezi Juni aliwataja "ndugu" kuwa ndio waliotenda kazi ya Perth. Katika kitabu chake cha historia lawama ikaenda kwa umati wa wahuni.

Ndiyo maana nashauri mtafiti asichukue neno la unajisi katika hati za wakati huo kama maelezo ya kilichotokea. Kwanza aulize mwandishi ni wa upande gani. Barua ya tarehe 12 Agosti 1560, iliyotiwa saini na mabwana wa upande wa mageuzi, Argyll, James Stewart na Ruthven, inafundisha vizuri. Inaagiza kanisa la Dunkeld lisafishwe: sanamu zitolewe nje zichomwe hadharani, madhabahu ziangushwe. Kisha inaonya kwa makini kwamba viti, madirisha na milango visiguswe. Hao hawakuwa watu waliodharau jengo. Walilitaka, lakini likiwa safi kwa namna yao.

Na hapa ndipo ninapoona jambo lenye thamani kubwa zaidi. Wanamageuzi walifundisha kwamba hakuna mahali patakatifu kwa asili yake, lakini hofu ya kunajisi haikuwatoka. Baraza Kuu la Kanisa la Uskoti lilikataza mara kadhaa maiti kuzikwa ndani ya makanisa. William Birnie, mchungaji wa Lanark, alichapisha mwaka 1606 kitabu kizima cha Kiskoti kupinga maziko hayo, akitetea kwamba nyumba ya kuabudia haikujengwa kuwa makaburi. Mtu asiyeamini utakatifu wa mahali asingeandika kwa uchungu wa namna ile. Familia za makabaila hazikukubali kutengwa na makaburi ya mababu zao, na kwa hiyo nyingi zilijenga chumba cha maziko kilichounganishwa na ukuta wa kanisa. Skelmorlie Aisle, kilichojengwa Largs katika miaka ya 1630, ni kimoja cha vyumba hivyo, na kingali kimesimama ingawa kanisa lake lilikwisha kubomolewa.