Funga Dirisha, Okoa Paa

Ndugu zetu, leo tuzungumze juu ya dirisha. Mwaka 1992 kimbunga Andrew kilipiga Florida, huko Marekani. Nyumba zaidi ya 25,000 zilibomoka. Kwa nini? Dirisha likivunjika, upepo huingia, husukuma paa kutoka ndani, nalo hung'oka. Basi sheria ya ujenzi ikakazwa. Kusini mwa Florida nyumba mpya sharti iwe na vifuniko imara vya madirisha, au vioo vya kuhimili kishindo. Hupimwaje? Kipande cha mbao cha kilo 4 hurushwa kwa nguvu dirishani. Kioo chaweza kupasuka, lakini upepo usipate tundu.

Na sisi je? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Tuchonge mbao za kufungia madirisha mapema. Paa likishang'oka, halishikiki kwa mikono.